Kisanduku cha Kumweka Baba Mikdad Nyumbani

Alhamisi, 3 Aprili

Shajara hii kaniachia binti yangu Adila alipokuja Idi. Imetoka shuleni anakofundisha, Chalinze, kurasa zake nyingi hazijaguswa. Kasema, mama, ukipandwa na hasira usimmalizie baba, malizia humu. Haya, nimepandwa. Mvua imeanza leo alasiri. Picha ikakatika kwenye TV, yakaja yale maandishi kwamba hakuna mawimbi, na mie kabla sijaepua sufuria, mume wangu Bwanausi keshatoka mlango wa mbele.

Nimemkuta kituo cha daladala, kalowa chapachapa. Mwavuli anao mkononi, kaufunga. Mtu mzima, kafundisha injini za boti pale chuoni Mbegani mpaka kastaafu, anashika mwavuli kama bakora na mvua inamtwanga kichwani! Nimemuuliza kwa nini hakuufungua. Kanitazama kwa upole, utadhani mgonjwa ndiye mimi.

Ijumaa, 4 Aprili

Jua. Picha ipo. Katulia.

Jumapili, 6 Aprili

Niandike sawasawa, maana hata mwenyewe nachanganyikiwa. Mume wangu anasahau. Alianza na funguo, akaja majina ya wajukuu, sasa hata mchana na usiku wakati mwingine vinamchanganya. Daktari kasema ni ubongo unachakaa, dawa ya kuurudisha hakuna, cha msingi apate utulivu na asipotee.

Utulivu wake ni Ustadh Hamidu. Huyu ana kipindi kwenye TV kila siku baada ya swala ya alasiri, mtu wa makamo, kofia safi, sauti ya taratibu. Akitokea tu anasema, "Assalamu alaykum ndugu watazamaji, hodi majumbani mwenu." Na Bwanausi wangu anavaa kofia, anakaa wima, anamjibu, "Waalaykumu salaam. Karibu, karibu ndani." Hapo hata nyumba iungue hatoki. Mwisho Ustadh anaaga, anaonyeshwa akipanda gari lake, na mzee anampungia mkono. Mie napika, nafua, naswali kwa raha zangu. Ananidai kahawa vikombe viwili, nampa kimoja. Cha pili cha nani?

Kasheshe ni mvua. Ikinyesha, dishi halishiki kitu, Ustadh anakatika katikati ya neno, na mzee anachukua mwavuli na kutoka.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Kituo cha daladala tena. Mwavuli umefungwa tena. Sina nguvu ya kuandika.

Jumamosi, 12 Aprili

Mikdad, mwanangu wa kwanza, kapiga simu kutoka Dar. Kasema, mama, tatizo ni dishi, mambo ya dishi yamepitwa na wakati. Siku hizi watu wanatazama TV kwa intaneti, mvua haiigusi, na kipindi cha Ustadh unaweza kukifungua saa unayotaka wewe. Nunua kisanduku, kinakaa chini ya TV, kina antena yake ya kunasa intaneti na kinapokea kila kitu. Adila akaingilia kwenye kundi letu la WhatsApp: si kisanduku, ni kijiti. Kinachomekwa nyuma ya TV, hakionekani, rimoti yake ina vitufe vichache, baba hawezi kuvuruga. Kaka yake akamjibu kijiti kinapata moto haraka na TV ya mama ni ya zamani. Yeye akamwambia hivyo visanduku vya bei poa vinajaa matangazo ya ajabu ajabu. Wamebishana mpaka magharibi, na baba yao mwenyewe hapa kakaa ananiuliza hao watoto ni wa nani.

Wifi yangu Mwaija, dada yake Bwanausi, kapita akasikia. Kasema kaka yake si wa kisanduku wala kijiti, ni wa kuandikiwa kombe, aya zioshwe kwa maji anywe. Huyu mwanamke tangu nimeolewa hajapata kukubali kitu kilichotoka kinywani mwangu. Nikamwambia kombe keshakunywa, wifi, na dishi bado linakatika.

Jumatatu, 14 Aprili

Mawingu tu. Nimekaa na moyo mkononi alasiri yote. Haikunyesha.

Alhamisi, 17 Aprili

Ya Rabi, siku gani hii.

Ilinyesha tangu adhuhuri. Picha ilikatika Ustadh alipokuwa ndio kwanza ameanza kujibu swali la mtazamaji. Nilikuwa chooni. Kwenda chooni nako siku hizi kwangu ni kosa. Kutoka, kiti kitupu, mlango wazi, maji yanaingia sebuleni. Nikakimbia kituoni na kanga mwilini, bila viatu. Hayupo. Nikauliza wauza machungwa, wakasema mzee mwenye mwavuli kapanda gari la kwenda upande wa Dar.

Nikajua anakwenda Mbegani, kazini kwake. Nikachukua bajaji mpaka chuoni. Mlinzi hakumwona. Nikasimama pale langoni nalia kama mtoto na mvua inanipiga, mlinzi wa watu hajui anifanyeje. Nilikuwa nishamzika, nisidanganye. Nilikuwa nishaanza kufikiria nitamwambia nini Mikdad.

Simu ikaita. Mwanamke, jina lake Ashatu, ana duka Zinga barabarani. Kaiona namba yangu niliyoishona ndani ya mfuko wa kanzu ya Bwanausi. Nilipofika nikamkuta kafunikwa kanga ya yule mama wa watu, anatetemeka meno yanagongana, mwavuli kaubana kwapani, haukufunguliwa. Ashatu kaniambia kila gari lililosimama mzee alikuwa analiendea dirishani, anauliza kwa adabu, "Keshashuka?" Wakimuuliza nani, hasemi.

Nilimkumbatia mbele za watu. Halafu nikamgombeza mbele za watu hao hao. Njia nzima ya kurudi alitazama nje tu kwa huzuni, mtu aliyeshindwa jambo.

Jumamosi, 19 Aprili

Homa. Anakohoa. Mikdad kaja na gari. Hakukaa hata kitini, kasimama mlangoni kwa baba yake, halafu akaniita uani.

"Mama, akitoka tena mara moja tu, namchukua."

Nikamuuliza unampeleka wapi. Kwake, Dar, ghorofa ya tatu, dirisha na mlango vina nondo. Kuna dada wa kazi, hatatoka. Nikamwambia baba yako hajawahi kuishi mahali ambapo hawezi kufungua mlango wake akamkaribisha mtu. Akasema afadhali hivyo kuliko kumwokota mtaroni. Nimemchukia mwanangu leo. Nimemwona ana roho ya chuma, sijui kaitoa wapi.

Mimi na huyu mzee tumelala chumba kimoja tangu nyumba hii haijaezekwa bati. Wakimchukua, mie nibaki na nani? Na yeye huko ghorofani akiamka asinione, atamuuliza nani? Sitaki. Hilo tu. Sitaki.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimekwenda dukani kwa Abuu, anayeuza simu na vitu vya TV mjini. Nikamwambia nitolee vyote viwili, kisanduku na kijiti, nivione kwa macho yangu, nishachoka kuchaguliwa na watu wa WhatsApp. Kaniuliza TV yako ina tundu hili la bapa? Nikamwonyesha picha niliyoipiga. Inalo, moja tu.

Kijiti kizuri, kidogo kama kidole, lakini rimoti yake ni ya kuongea nayo. Nikaongea nayo Kiswahili changu chote cha Bagamoyo, ikakaa kimya, bure kabisa. Vitufe vyake vidogo, macho yangu haya hayaoni. Kisanduku kina rimoti kubwa, na Abuu kaniwekea picha ya Ustadh pale mbele, nikibonyeza mara moja tu anatokea. Nimechukua kisanduku. Adila kanuna. Anune.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua ya mawe. Ustadh Hamidu yupo, hakatiki! Bwanausi kaitikia hodi, kakaa. Nimesujudu jikoni karibu na masufuria. Nimemtumia Mikdad picha ya baba yake akiwa kitini, kofia kichwani. Kajibu: sawa mama, tuone.

Alhamisi, 24 Aprili

Kakaa.

Jumamosi, 26 Aprili

Intaneti imezubaa leo. Ustadh akabaki mdomo wazi, kiduara kinamzunguka usoni. Bwanausi kamtazama, kaguna, kaenda jikoni mwenyewe, karudi na glasi ya maji, kaishika mbele ya TV. "Kunywa kidogo, shekhe, umekaukiwa." Nimecheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikalia. Hivi ndivyo ninavyoishi.

Jumanne, 29 Aprili

Kipindi kipya hakikuwekwa, nikamfungulia cha juzi. Ustadh kaeleza habari ile ile ya haki za jirani, maneno yale yale. Bwanausi kasikiliza kwa heshima yote, mwisho kanigeukia akaninong'oneza, "Masikini, keshanieleza haya. Anasahau. Usimwonyeshe kama tumejua."

Jumapili, 4 Mei

Nilifikiri nimepona, kumbe bado.

Jua lilikuwa linawaka, hakuna hata wingu, umeme upo, intaneti ipo. Ustadh kamaliza kipindi vizuri, kaaga, na kabla hajaonyeshwa akipanda gari, kile kisanduku chenyewe bila kuambiwa na mtu kikaleta kingine: kijana kavua shati, anapiga kelele, anatangaza dawa za nguvu za kiume. Bwanausi kasimama kwa hasira. "Nani kamfungulia huyu? Kaingia bila hodi!" Nikakimbilia rimoti, nikabonyeza hovyo, yule akazidi kelele. Nilipofanikiwa kuzima, mzee keshachukua mwavuli kwenye msumari, yuko nje. Mwavuli na jua lote lile!

Nimemdaka kabla ya kona. Kanisukuma. Hajawahi kunisukuma tangu anioe. "Niache, mama, nitamkosa," kasema.

Basi si mvua. Si dishi. Nimenunua kisanduku, nimegombana na watoto, na sijui hata ninapambana na nini. Mikdad sijamwambia. Namficha mwanangu mambo, na namwogopa, na Dar naiona inakuja.

Jumatano, 7 Mei

Nimefunga mlango wa mbele kwa kufuli wakati Ustadh anaaga, na kisanduku kikarukia kingine tena. Bwanausi kaukuta umefungwa. Hakupiga kelele. Kaweka paji la uso kwenye ubao, kabaki pale, mwavuli mkononi, mpaka adhana ya magharibi. Nimeona nondo za Mikdad nimeshaziweka mwenyewe. Nimefungua. Sitafunga tena.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeona kitu leo, na naomba radhi kwa wifi yangu hapa hapa kwenye karatasi, maana mdomoni sitaweza.

Mwaija kaja baada ya Ijumaa, mvua ya rasharasha. Nikazima TV, sikutaka presha. Wamekaa, wamekunywa kahawa, kaka mtu hamjui dada yake lakini kamsikiliza vizuri. Mwaija akaaga. Bwanausi akainuka, akachukua mwavuli. Mie nikainuka kumzuia, wifi akanikanyaga mguu. "Mwache."

Wakatoka. Mlangoni tu akaufungua mwavuli. Akaufungua! Akamshikia Mwaija kichwani, yeye mwenyewe bega moja nje analowa. Nikawafuata kwa mbali, kanga usoni kama mwizi. Wakaenda polepole mpaka kituoni. Akasubiri gari naye. Mwaija akapanda, akampungia mkono, gari likaondoka. Na mume wangu, ambaye haijui hata njia ya chooni baadhi ya siku, akageuka, akashika njia yake, akarudi nyumbani peke yake, kona zote, hakukosea hata moja. Akautundika mwavuli, akakaa.

Jioni nikampigia Mwaija. Kasema, wifi, marehemu baba yetu alikuwa hivyo hivyo. Mgeni hatoki peke yake. Unamsindikiza mpaka umwone amepanda, mvua jua, ukishamwona amepanda ndio umemaliza. Alitufunza kwa fimbo.

Nimekaa kitandani na simu mkononi. Kikombe cha pili. "Keshashuka?" Mwavuli mkavu katikati ya mvua, anamtunzia mtu. Alikuwa anamsindikiza Ustadh Hamidu, jamani. Picha ikikatika, mgeni katoka bila kuaga, kwenye mvua, hana mwavuli, na mwenyeji anamkimbilia. Hampati. Na kwa kuwa hajamwona akipanda, hawezi kurudi. Na mie nilimgombeza mbele za watu Zinga.

Jumatatu, 12 Mei

Nimewaeleza watoto. Adila kalia simuni. Mikdad kasema, mama, sawa, nimeelewa, lakini bado anatoka. Kaahidi kuja Jumapili ya tarehe ishirini na tano na gari kubwa, amchukue. Nikamwambia una roho ngumu. Akasema, "Mama, kila nikisikia simu yako nadhani umeniita kuzika. Silali." Nilikuwa sijui hilo. Nimemwona chuma kumbe mtoto anaogopa kama mimi.

Alhamisi, 15 Mei

Mwaija anakuja kila alasiri, anasindikizwa. Kisanduku kimezimwa, kitambaa juu.

Jumapili, 18 Mei

Mwaija kaondoka kwenda Pangani, binti yake kajifungua. Wallahi nimemwonea wivu mtoto mchanga.

Jumanne, 20 Mei

Umeme umekatika tangu asubuhi, mvua kubwa, mchana kama jioni. Nilitoka uani na nguo nilizoanua, nikapitia mlango wa mbele kwa sababu wa nyuma umejaa maji. Bwanausi alikuwa amesimama katikati ya sebule, mwavuli mkononi, anatafuta wa kumsindikiza. Kaniona, kanyanyua uso.

"Karibu ndani, bibie. Umelowa."

Nikasema baba Mikdad, ni mimi. Kanitazama, katabasamu lile tabasamu la kumpokea mtu usiyemjua. Kanivutia kiti, kile cha wageni, chenye kitambaa. "Kaa. Mke wangu yuko jikoni, anakuja sasa hivi. Jina lake Shamsia."

Nimekaa. Ningefanya nini? Akanieleza habari zangu. Kwamba mke wake ni mkali kidogo, lakini nisiogope, ukali wake ni wa mdomoni. Kwamba mikate ya kumimina anayopika hakuna mwingine mjini. Kwamba walipooana alikuwa hana kitu na mwanamke huyu hakumwambia hata siku moja. Nilikuwa nimelikumbatia furushi la nguo mbichi, nasikiliza. Hajawahi kunieleza maneno haya mimi mwenyewe. Alikuwa mtu wa kimya.

Tumekaa hivyo mpaka mvua ikapungua. Hakutoka. Mwenyeji hatoki mgeni akiwa ndani.

Halafu nikainuka kwenda kuwasha jiko, na yeye akainuka na mwavuli. Akanisindikiza mpaka mlango wa jikoni, akasimama pale, hajui gari langu liko wapi.

Nimelia usiku huu vibaya sana. Mume wangu yuko hai, ananisifu, na hanijui.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua zinakwisha. Sijalala vizuri. Nafikiri.

Jumapili, 25 Mei

Mikdad kafika saa tisa na gari. Kaingia, kasema shikamoo mama, nikamwitikia marahaba. Kaanza kukusanya nguo za baba yake kwenye begi. Sikumzuia. Nikamwambia kaa hapo pembeni, nyamaza, utazame kitu kimoja, ukimaliza kutazama, uamue. Kisanduku nikakiacha na kitambaa chake.

Nikaenda chumbani nikavaa baibui langu la kutokea, nikajipaka mafuta mazuri. Nikatoka mlango wa uani, nikazunguka nyumba kwenye matope, nikasimama mbele ya mlango wangu mwenyewe, nyumba niliyoikandika udongo kwa mikono hii. Moyo ulikuwa unadunda kama wa mwari. Nikapiga hodi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, karibu ndani."

Kanifungulia, kanionyesha kiti cha wageni. Kaniuliza natoka wapi, nikasema mbali kidogo. Kaniambia mkewe yuko jikoni. Nikasema nitafurahi kumwona. Tukaongea habari za mvua, za mihogo, za watoto. Kanisimulia ana kijana wake Dar, Mikdad, mtoto mwenye huruma tangu mdogo, kuku akichinjwa alikuwa anakimbilia nje. Mikdad alikuwa amekaa pembeni na begi mapajani. Akainuka, akaliacha begi chini, akaingia jikoni. Nikasikia anatafuta vikombe kila mahali. Akaleta kahawa, vikombe viwili, akavipanga mbele yetu kwa mikono miwili, macho mekundu. Baba yake akamshukuru, akamwita kijana.

Alasiri ikapita. Mikdad akawa ananitazama, anasubiri, na mie nilijua anasubiri nini. Mgeni ataaga, na mwenyeji atatoka. Bwanausi naye akaanza kuangalia mlangoni, mkono unakwenda kwenye mwavuli.

"Bibie, jua linakwenda. Nikusindikize usije ukakosa gari."

"Leo siondoki," nikamwambia. "Nimekuja kulala."

Uso ukamtulia wote. Kasema alhamdulillah, mke wangu atafurahi. Akautundika mwavuli kwenye msumari.